Bustani ya Maji ya Kichochoro cha Gamgol

Juni 19

Tumepewa kiwanja. Hatukupewa kwa moyo mweupe, wala si moja kwa moja: tumeazimwa kwa msimu mmoja wa mvua, kama mtu anavyoazimwa mwavuli. Bwana Bok wa ofisi ya kata alitusomea masharti huku akijipepea, macho yake yakiwa dirishani. Tutajenga bustani ya kumbukumbu pale ilipobomolewa nyumba ya wafu watatu wa Gamgol, na tutaijaribu katika mvua za mwaka huu. Mwisho wa Julai, siku ya ibada ya kutimiza mwaka, wafiwa wataulizwa kama wanaitaka. Wakikubali, itabaki. Akikataa hata mmoja, patamwagwa lami na kuwa maegesho ya magari.

Hawatakataa. Ni mfiwa gani atakayechagua maegesho?

Watatu hao waliishi katika vyumba vya nusu ardhini, ambavyo madirisha yake yako sawa na nyayo za wapita njia. Julai iliyopita maji yaliteremka kutoka barabara kuu, yakajaa kichochoroni, yakaikandamiza milango kutoka nje hata isifunguke. Wakafa Eunsol, msichana wa miaka kumi na tisa. Mke wa Babu Cheon. Na Bwana Seok, mpishi wa tambi, ambaye hakujitokeza ndugu yeyote wa kumzika. Wakubwa waliuita msiba huo maafa ya asili. Mimi, mwanafunzi wa usanifu wa bustani, nilisimama mbele ya ofisi ya kata na kipaza sauti hadi koo likatoa damu, nikiuita kwa jina lake: uzembe.

Sasa nitausema kwa maji yenyewe. Mvua itapokewa kutoka mapaa ya nyumba tatu jirani, itateleza juu ya nyaya za chuma zilizopita angani, itaanguka katika shimo lenye ukubwa wa chumba cha Eunsol. Kila mvua kubwa, maji yatapanda shimoni mpaka mstari mweusi, ambao ndio kina cha usiku ule. Kisha yatazibuliwa yashuke katika tangi chini ya ardhi, na wakazi watayatumia kumwagilia pilipili zao na kuosha ngazi. Maji yaliyoua yatashtaki kwanza, ndipo yatumike. Kumbukumbu isiyoshtaki ni pambo, na nchi hii ina mapambo ya kutosha.

Juni 22

Joto. Tumechimba.

Juni 25

Nimewaonyesha wafiwa mchoro, sokoni, katika kibanda cha Mama Eunsol, kati ya mabeseni ya kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na majani ya ufuta. Babu Cheon, fundi kufuli mstaafu, alikuja na kandambili na mizaha yake. Aliuliza kama shimo likijaa ataruhusiwa kufuga samaki na kuwatoza wavuvi kiingilio. Kisha akasema kwamba mkewe alimlaumu maisha yake yote kwa kuchelewa kurudi nyumbani, na siku aliyochelewa kweli, kwa ajili ya karata, hakubaki mtu wa kumlaumu. Akacheka peke yake. Sisi tuliyatazama mabeseni.

Mama Eunsol hakusema kitu. Nilizungumza kwa muda mrefu, na nadhani nilizungumza vizuri. Nilipomaliza alijaza kimchi katika mifuko miwili, mmoja wangu na mmoja wa Gyuwon, akasema, "Mmekonda. Kuleni." Nikaihesabu kuwa ridhaa.

Gyuwon yuko mwaka mmoja nyuma yangu chuoni, na ndiye anayepiga hesabu za maji. Njiani aliniambia, "Dada Sehwa, yule mama hajakubali. Ametulisha tu." Nilimjibu kwamba uchungu mkubwa hauna maneno, na kwamba kazi yetu ni kuyatafuta kwa niaba yake. Akatafuna kimchi hadi kituoni.

Juni 28

Mvua ya kwanza. Manyunyu tu. Hata vumbi la shimoni halikulala.

Julai 2

Nyaya zimefungwa, tisa, kutoka paa hadi paa. Jioni yalipita manyunyu, na matone yakatembea juu yake moja baada ya jingine, yakimeta kama shanga. Nilisimama chini yake nikajiambia kwamba sijawahi kufanya kitu kizuri kama hiki.

Mama Eunsol alipita na mkokoteni wake. Alisimama, akatazama juu kwa muda, akaondoka bila kuitikia salamu yangu. Nimemwambia Gyuwon kwamba ameguswa.

Julai 3

Nyaya zimekatwa. Zote tisa. Tulizikuta asubuhi zikining'inia kutoka mapaani, ncha zake zikiwa safi, zimekatwa kwa koleo na mtu asiyekuwa na haraka.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nani ananufaika bustani ikifa? Nani ana mchoro wa maegesho mezani? Nilichukua kipaza sauti changu cha mwaka jana, nikapanda ngazi za ofisi ya kata saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa wengi. Nilisema kwamba walioua kwa kutotenda sasa wameanza kutenda, na tendo lao la kwanza ni kukata. Nilisema kwamba mkono uliokata nyaya hizi ndio uliozizibia masikio simu za kuomba msaada usiku ule wa mafuriko. Watu walipiga makofi. Wengine walirekodi.

Bwana Bok alitoka, akasikiliza hadi mwisho, mikono nyuma. Aliniuliza kama nina ushahidi. Nikamwambia ushahidi wangu ni historia.

Julai 4

Naandika polepole, maana leo mkono hauniamini.

Asubuhi Babu Cheon alinipigia simu. Alisema ameniona kwenye video, nimependeza, ila koleo lililokata nyaya ni lake. Mama Eunsol aliliazima juzi jioni, na amelirudisha likiwa limepakwa mafuta. "Ukitaka nikukamatie mhalifu nitakukamatia," alisema, "lakini atakupiga na kabichi, na mimi simwokoi mtu."

Nilikwenda sokoni mbio. Mama Eunsol alikuwa akipaka pilipili majani ya kabichi, moja moja, glavu zikiwa nyekundu hadi kwenye kiwiko.

"Ni mimi," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Ungeniambia tu, Mama Eunsol."

"Wewe humwachii mtu nafasi ya kukwambia."

Aliendelea kupaka. Kisha akaniuliza, siku ya ibada ya babu yangu, mama yangu huifanyaje kamba ya nguo. Nilimwambia kwetu hakuna kamba ya nguo. Nimekulia ghorofani, juu sana. Nguo zetu hukauka kwenye kichanja cha kukunja, nyuma ya kioo cha roshani. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma aliyezaliwa bila kisogo.

"Sisi tunaishusha," alisema. "Tunaishusha, tunaacha mlango wazi, ili marehemu anayekuja kula asinaswe. Hata mtoto wa shule anajua. Wewe umepitisha tisa, tena za chuma, juu ya mahali alipofia mwanangu. Apite wapi?"

Nilianza kumweleza maana ya nyaya. Nilitumia neno ishara. Nilitumia, Mungu anisamehe, neno dhana. Akaninyamazisha kwa kuinua glavu moja.

"Unataka wakubwa waone aibu. Hata mimi nataka waone. Lakini kwanza nataka mwanangu aje ale."

Nikamwambia nyaya zitaondoka. Akasema shimo je. Nikauliza shimo lina nini.

"Likijaa mpaka kwenye mstari wako, uje uniite. Nije nikae pembeni nimwangalie tena." Alifunika beseni. "Wakiniuliza mwisho wa mwezi, nitakataa. Afadhali magari."

Julai 5

Bwana Bok alifika kiwanjani. Alikuwa mpole mno. Alisema kata haidai kuombwa radhi kwa maneno yangu ya juzi. Vijana ni vijana. Alitaka tu kujua kama ni kweli anayosikia, kwamba wafiwa wenyewe ndio wasioitaka bustani. Akatabasamu, akaruka dimbwi kulinda viatu vyake.

Nilipaswa kumwomba radhi. Sikuweza. Niliandika maneno kichwani yote yakawa hotuba.

Julai 6

Mvua.

Julai 8

Tumegombana, Gyuwon na mimi, tukiwa tumesimama matopeni. Nyaya zimeondoka, maji yatapita katika mabomba chini ya ardhi. Katika hilo nimekubali, na sikukubali kwa kinyongo: sina haki ya kumfungia mtu njia ya kwenda kwa mwanawe, hata kama njia hiyo siioni. Lakini Gyuwon anataka shimo nalo lifukiwe kwa changarawe, maji yapite chini kimya, yasionekane. Nilimwambia huo ndio usanifu wa kata: msiba uliozikwa chini, juu pamelainishwa. Tukilifukia shimo, Bwana Bok atakuja kupiga picha na maua.

"Dada unajenga kwa ajili ya Bwana Bok tangu siku ya kwanza," alisema.

Sijamsemesha tangu hapo.

Julai 9

Mvua. Maji ya shimoni yamefika magotini, nikayazibua.

Julai 11

Mvua. Mama Eunsol sasa anazungukia barabara kuu na mkokoteni wake, asipite kiwanjani. Ni mbali, na kuna mlima.

Julai 12

Mvua. Nimeamua. Mvua kubwa inatabiriwa kwa siku ya kumi na tano. Nitawaita waandishi wa habari na watu wa kata walione shimo likijaa hadi mstarini mbele ya macho yao. Picha ikishaenea, hakuna atakayethubutu kumwaga lami, akatae nani asikatae nani. Mama Eunsol atanielewa baadaye. Historia imejaa watu walioeleweka baadaye.

Julai 15

Ilianza adhuhuri. Haikuwa mvua ya matone. Ilikuwa maji yaliyosimama wima kati ya mbingu na kichochoro. Waandishi watano walikuja, wamevaa makoti ya plastiki. Bwana Bok alikuja na msaidizi wa kumshikia mwavuli. Nilikuwa nimejiandaa: nilimwambia Gyuwon asimame kwenye kizibo na asikiguse mpaka nimwambie.

Maji yaliingia shimoni kutoka vinywa vitatu, yakinguruma. Yalifika magotini. Yalifika kiunoni. Nilisema kwenye kipaza sauti kwamba wanachokiona ndicho walichokiona wale watatu, kwa kasi ileile, katika chumba kilekile. Bwana Bok aliacha kutabasamu, nami nikaona kwamba nimeshinda.

Ndipo Babu Cheon alipotokea kichochoroni na kandambili zake, beseni la kufulia mkononi. Nilidhani amekuja kufanya mzaha kuhusu samaki, hata nilitabasamu. Alifika ukingoni akashuka. Aliingia na nguo zake zote, maji yakamfika kifuani, akaanza kuchota. Alichota na kumwaga nje, akachota na kumwaga, na mvua ikamrudishia kila alichotoa. Hakulia wala hakuita jina la mtu. Alifanya kazi kama fundi aliyechelewa kwa mteja. Kisha akaliacha beseni, akaanza kusukuma ukuta wa upande wa kaskazini kwa bega, kwa nguvu, tena na tena, pale ambapo mwaka jana palikuwa na mlango wa kwake.

Kamera zote zilimgeukia. Mwandishi mmoja alipiga goti ili apate sura yake.

Niandike ukweli wa kilichopita akilini mwangu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeuandika. Nilifikiri: hii ndiyo picha. Picha hii itamwangusha mtu. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi moja kamili, na mzee alikuwa anasukuma ukuta.

Kisha nikamwambia Gyuwon azibue. Hakunisikia kwa mvua. Nikakimbia, nikamsukuma kando, nikakivuta kizibo mwenyewe, na kipaza sauti kikaniponyoka kikaingia shimoni. Maji yalishuka kabla ya kufika mstarini. Nikaruka ndani. Babu Cheon alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimshika mabega, naye akanitazama usoni bila kunitambua.

"Haufunguki," aliniambia.

"Hakuna mlango, Babu. Twende."

"Haufunguki, mwanangu. Kalete koleo."

Nyuma yangu nilimsikia mwandishi akilalamika kwamba nimewaharibia. Nilimwomba azime kamera. Sikumwomba kwa ufasaha.

Julai 16

Babu Cheon ana mafua. Nimempelekea uji. Alikuwa anaona haya, akaniambia maji yale yalikuwa machafu kwa kufugia samaki. Kisha akasema, "Nilisahau kwamba mlango hakuna. Nilijua, nikasahau."

Nikamwomba radhi. Akaniambia nimwachie bakuli.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mama Eunsol. Safari hii sikuhutubia. Nilisema kwamba shimo litafukiwa, na nikamuuliza yeye anataka bustani iwe na nini. Alinipa glavu, na nikapaka kabichi pilipili hadi soko likafungwa.

Alijibu wakati wa kufunga. "Maua ya hina," alisema. "Kila kiangazi alikuwa anapaka kucha."

Julai 17

Nimemwandikia Bwana Bok radhi kwa tuhuma ya nyaya. Mistari miwili. Imenichukua asubuhi nzima kuifanya iwe miwili.

Julai 19

Changarawe. Malori mawili. Gyuwon na mimi tunasemeshana.

Julai 21

Bustani sasa ni uwanja wa changarawe ulioinama kidogo kuelekea katikati, na vitalu vitatu vinavyonyweshwa na tangi kwa pampu ya mkono. Maua ya hina kwa Eunsol. Majani ya ufuta kwa mke wa Babu Cheon, ambaye aliyaiba, anasema mumewe, kutoka kila kitalu cha jirani. Bwana Seok tumempandia vitunguu majani, kwa sababu, pamoja na mengi tusiyoyajua juu yake, tulijua kwamba alikuwa mpishi.

Maji hayaonekani popote. Ni bustani ambayo kata yoyote ingeipenda. Usiku najilaza nikiichukia kidogo.

Julai 24

Mvua kubwa, kubwa kuliko ile ya tarehe kumi na tano. Tulikuwa tunatazama mabomba Mama Eunsol alipokuja kutoka upande wa kichochoro, mara ya kwanza tangu aanze kuzungukia barabara kuu. Alivua viatu. Alitembea hadi katikati, mahali pa chini kabisa, akasimama pekupeku na kuangalia miguu yake.

Hatukumkaribia. Mvua ilimpiga, na yeye alisubiri maji yaje. Mara moja alikunja vidole vya miguu, kana kwamba ameyahisi. Hayakuja. Changarawe ililowa, ikang'aa, ikabaki changarawe.

Mvua ilipolegea aliuliza maji yamekwenda wapi. Gyuwon akamwambia: chini ya miguu yako. Akasogea hatua moja, kisha akarudi. Akauliza kama yanaweza kupanda. Gyuwon akamwonyesha njia ya kufurika, inayoyapeleka kwenye mtaro mkuu kabla hayajapanda.

"Na ikija mvua kama ile?"

Nilimwombea Gyuwon aongope. Gyuwon hajui kuongopa.

"Kama ile, tangi lingejaa, mama. Maji yangeingia vyumbani mwishowe. Lakini yangechelewa." Alijifuta uso. "Wangepata muda wa kutoka."

Mama Eunsol aliketi hapo hapo, juu ya changarawe iliyolowa, mikono mapajani. Alikaa hadi tukawa hatuna la kujifanya tunafanya. Alipoondoka hakusema anakubali wala anakataa, na mara hii sikuandika jibu kwa niaba yake.

Julai 26

Mvua. Tangi limejaa, likamwagika mtaroni kama ilivyokusudiwa. Nimepita vyumba vya chini vyote vya Gamgol nikigonga na kuuliza. Hakuna aliyeingiliwa na maji. Mwanamke mmoja alinikaripia kwa kumwamsha.

Julai 28

Ibada ilifanyika jioni, mvua ikinyesha. Tulitandaza turubai juu ya mahali pa chini, tukaacha pande zote wazi. Meza aliipanga Mama Eunsol kwa mikono yake: wali, supu, samaki, tunda lililokatwa sehemu ya juu kama ilivyo desturi, na pembeni boksi la kuku wa kukaanga wa dukani, kwa sababu ndicho alichokipenda Eunsol. Aliweka mabakuli matatu ya wali. La tatu lilikuwa la Bwana Seok.

Bwana Bok alikuja na tai nyeusi. Alisema maneno ya heshima, kisha akasema kwamba kwa masikitiko anapaswa kuuliza swali la kata. Alianza na Babu Cheon. Babu akasema anakubali, ila mkewe akitokea kuuliza kwa nini majani ya ufuta yamepandwa ovyo namna hii, aelekezwe kwa wanafunzi.

Kisha Bwana Bok alimgeukia Mama Eunsol. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, anaweka sawa vijiti vya kulia, na hakuinuka.

"Bwana Bok, hawa watoto wamelijenga hili tangi kwa muda gani?"

Bwana Bok alinitazama mimi, kwa mazoea, akisubiri hotuba. Nilikuwa nayo. Ilikuwa imekaa mdomoni tangu Julai iliyopita, nzima, na kila sentensi ikijua mahali pake. Nikaimeza.

"Hata mwezi haukufika," alisema Bwana Bok mwishowe.

"Hata mwezi haukufika," alirudia Mama Eunsol, kwa sauti ya mtu anayeambiwa bei. Alinyoosha kitambaa cha meza mahali ambapo hakikuwa kimekunjamana. "Ibaki."

Akachomeka kijiko katika wali wa mwanawe, akainuka, na sote tukageuka kama inavyopasa, tukaipa meza migongo ili marehemu waweze kula bila kutazamwa. Bwana Bok aligeuka pamoja nasi. Mbele yetu kilikuwa kichochoro, na kando yake, chini kabisa, madirisha ya Gamgol, mstari mzima, taa zimewaka. Mvua ilikuwa inapiga lami mbele yake na kutokomea. Vizingiti vilikuwa vikavu. Ndani ya chumba kimoja mtu alikuwa anakunja nguo.

Kwa desturi tungekuwa tumeigeukia tena meza baada ya muda mfupi. Lakini anayetoa ishara ya kugeuka ni mwenye meza, na Mama Eunsol hakuitoa. Mvua iliendelea kunyesha, na Bwana Bok akasimama akiyatazama madirisha yale, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama.